Mbao Kuukuu na Haki ya Mwenyewe



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo aghalabu huonekana dogo, nalo ni mbao kuukuu: zile zibakizwazo nyumba inapobomolewa, paa linapoezuliwa, au kitanda kinapovunjika mguu. Katika nyumba nyingi za huku Nachingwea na Ruangwa mbao hizi huishia jikoni chini ya chungu, au huachwa nyuma ya nyumba zikaliwa na mchwa. Nasi twasema ya kwamba kufanya hivyo ni hasara ya mali, na kupoteza mali bila haja ni israfu, ambayo dini yetu imeikataza.

Walakini kuna hasara ya pili iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo twaifahamu vyema kwa kuwa ilitupata sisi wenyewe. Hiyo ni hasara ya mtu aliyeupiga ubao randa ukang'aa, akautia nyumbani mwake, kumbe ubao ule si wake. Kwa hiyo mazungumzo yetu yatakuwa na sehemu mbili: kwanza haki ya ubao, kisha kazi ya ubao.

Watu wa nchi hii hawana haja ya kuambiwa thamani ya mbao za zamani. Wazee wetu walijenga kwa miti ya pori letu wenyewe, mninga na mkongo na mingineyo, na baadhi ya milango waliyoitia ingali imesimama ilhali kuta zake zimekwisha kujengwa upya. Leo mtu akienda dukani, mbao azionazo mara nyingi ni za paini zitokazo katika mashamba ya miti ya Sao Hill, kule Mufindi. Ubao wa paini si mbaya; ni mwepesi, wanyooka vizuri, na bei yake yavumilika. Lakini ukiwekwa bila dawa, mchwa wa huku huumaliza upesi. Mtu mwenye ubao wa mninga uliotoka katika mlango wa babu yake ana mali mkononi, wala haifai auchome kwa ajili ya chai.

Tena mninga hauoti na kukomaa kwa siku chache. Mtoto aweza kuzaliwa, akakua, akaoa na kupata wajukuu, na mti uliochipua siku aliyozaliwa ukawa bado haujafikia unene wa kupasuliwa mbao. Kila ubao kuukuu utumiwao tena ni mti mmoja uliopunguziwa shoka.

Hata hivyo, kitu hakiwi chema kwa sababu ya ukuukuu wake tu. Hapa kwetu Nachingwea tuna mfano ambao wazee waliuona kwa macho yao. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, mahali patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Miongoni mwa mitambo iliyoletwa kufyeka pori mlikuwamo vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Fikira ya kugeuza chombo cha kuulia kuwa chombo cha kulimia ni njema, lakini nchi haikupimwa vya kutosha kabla ya kazi, wala mvua na udongo havikuulizwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Reli iliyojengwa kuja Nachingwea kutoka pwani nayo ilifungwa katika mwaka 1962, ikang'olewa. Basi somo tulipatalo ni hili: kabla ya kukitumia kitu cha zamani kwa kazi mpya, kipime kwanza. Na ubao una vipimo viwili, kipimo cha haki na kipimo cha uzima wake.

Sasa twawasimulia yaliyotupata.

Miaka kadhaa iliyopita msikiti mmoja wa kijiji cha huku kwetu ulitengenezwa upya. Paa la zamani liliezuliwa, kenchi na papi zikashushwa, na mlango wa mbao ukatolewa ili utiwe wa chuma. Vitu vyote vilirundikwa nyuma ya msikiti, vikanyeshewa masika moja. Sisi tulikuwa na ghala letu dogo la korosho lisilo na mlango. Tulipouona mlango ule umelala chini, tulisema nafsini mwetu, "Hakuna autakaye, heri tuuokoe kabla mchwa hawajaumaliza." Tukaubeba kwa mkokoteni mchana kweupe, watu wakituona, wala hapana aliyetukataza. Tukaupunguza kidogo kwa chini, tukautia bawaba mpya na komeo. Ukafaa sana, nasi tukafurahi.

Haukupita muda mrefu, tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi wetu mlango wa amana: ya kuwa mali ya wakfu haiwi ya mtu mmoja, na ya kuwa mwenye kuitwaa hata kama ni kitu kidogo ataulizwa. Baada ya somo, kijana mmoja wa miaka kama kumi na mitatu alibaki nyuma. Akatuamkia, "Shikamoo, maalim." Tukamwitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akainama, akasema, "Maalim, naomba kuuliza. Ule mlango wa ghala lenu mliununua kwa nani?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Alikuwa ameusaidia mkokoteni kwa nyuma siku ile tulipoubeba, na sasa alitaka kujua tu, kama mwanafunzi atakavyo kujua. Tulimjibu, "Tutakuambia kesho." Na jibu lile lilikuwa zito kuliko masomo yote tuliyofundisha siku ile. Usiku tulifungua vitabu vyetu tulivyosoma ujanani, ingawa hukumu tulikuwa tukiijua.

Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza jambo hili katika kitabu chake cha Minhaj. Kwa kauli iliyo sahihi zaidi, mikeka ya msikiti ikichakaa, na magogo yake yakivunjika yasifae ila kuchomwa, yaweza kuuzwa. Wenye kukisherehesha kitabu hicho wameeleza ya kwamba thamani yake hurudi katika maslahi ya msikiti. Basi ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa gogo lisilofaa ila kuni, hali ya mlango mzima wa mninga ni ipi? Mlango ule ulikuwa ungali mali ya msikiti, nasi tuliutwaa bila idhini ya yeyote aliyepewa dhamana. Kusema "umelala tu" hakubadili milki ya kitu. Ng'ombe wa jirani akilala barabarani haui wako.

Asubuhi tulikwenda kwa wazee wa kamati ya msikiti, tukaeleza yote. Mmoja wao alicheka, akasema, "Maalim, kitu kidogo hicho, tumekusamehe." Tukamshukuru, lakini tukamwambia ya kwamba hata yeye hana haki ya kusamehe mali isiyokuwa yake, kwani wakfu haumilikiwi na kamati. Ndipo wakakubali. Mlango ukarudi kwa mkokoteni ule ule, na kijana yule yule akiusukuma kwa nyuma. Habari ya mwisho wake tutaieleza karibuni.

Wasomaji wetu, huenda mtu akauliza, "Je, basi tusiguse mbao kuukuu kabisa, kwa kuogopa dhambi?" Hasha! Mbao kuukuu zimepata heshima kubwa katika tarehe ya Uislamu. Wanahistoria wa Sira wanasimulia ya kuwa Makuraishi walipotaka kuijenga upya Al-Kaaba, Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na umri wa miaka 35, miaka mitano kabla ya kupewa utume. Wakati huo jahazi lilikuwa limevunjika katika pwani ya Jedda. Makuraishi wakalitwaa kwa ajili ya mbao zake, wakaezeka Nyumba Tukufu. Ibn Saad anaeleza ya kwamba walizinunua. Tazameni: paa la Al-Kaaba lilitengenezwa kwa mbao za chombo kilichovunjika!

Na tazameni la pili. Makuraishi wale walikuwa wangali katika ujahili, lakini waliafikiana wasitie katika ujenzi ule ila chumo safi. Isiingie pesa ya riba, wala ya uzinzi, wala ya dhuluma. Mali safi haikutosha, wakaipunguza nyumba upande wa Hijri kuliko kuongeza mali chafu. Ikiwa watu wa ujahili waliona haya kuichanganya, sisi je?

Kwa hiyo, kijana aletewapo mbao kuukuu, au aonapo rundo lake, na ajiulize maswali matatu kabla ya kushika msumeno.

La kwanza: Zilikuwa za nani? Ikiwa ni za nyumba ya urithi, warithi ni wengi, na mmoja wao hawezi kukupa fungu la wenziwe. Tumeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa sababu ya mlango wa marehemu baba yao. Ikiwa ni za shule, zahanati au ofisi, ziko chini ya wenye dhamana, nao wana taratibu za kuziuza au kuzigawa. Ikiwa ni za msikiti au madrasa, hukumu yake mmekwisha kuisikia. Na mwenye shaka amwulize shehe wake.

La pili: Aliyenipa ana haki ya kunipa? Fundi aliyeajiriwa kubomoa nyumba si mwenye nyumba. Mwulize mwenyewe, na ikiwezekana pata maandishi mafupi, hata ya mstari mmoja.

La tatu: Je, ni kuukuu kweli? Swali hili twalitilia mkazo, kwani wako watu wapasuao miti porini kwa siri, kisha wakazipaka mbao matope na kuziita za zamani. Ubao mbichi ni mzito kuliko ukubwa wake, una harufu ya mti, na ukiukwangua kwa kisu unyevu huonekana. Ubao wa zamani una matundu ya misumari, alama za kutu, na rangi iliyofifia kwa jua upande mmoja. Tena kuvuna, kuuza na kusafirisha mbao kuna sheria zake na hati zake, nazo huulizwa katika ofisi ya misitu ya wilaya. Mtu asijitie hatiani kwa bei rahisi.

Ubao ukipita kipimo cha haki, sasa na upimwe uzima wake.

Ugonge kwa kifundo cha kidole au nyundo ndogo. Ukilia kwa sauti kavu, ni mzima. Ukilia kama boga lililooza, ndani mna mchwa. Uchome kwa ncha ya kisu kila baada ya shubiri moja, hasa mwisho wake na pale ulipogusa ukuta au ardhi. Matundu madogo yatoayo unga mpya kama wa sembe ni dalili ya wadudu walio hai. Ubao wa namna hiyo usiuingize nyumbani hata kidogo, maana utaambukiza vitanda na makabati.

Ubao wenye rangi ya zamani sana usiukwangue kwa msasa mkavu mbele ya watoto. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa mtoto mdogo. Ulowanishe kwanza, ukwangue nje ya nyumba, ufunge pua na mdomo kwa kitambaa, kisha maganda yote uyafukie mbali na kisima.

Siku hizi pia zapatikana zile chaga za mbao ziwekwazo chini ya mifuko na masanduku yatokayo bandarini, ambazo watu huziita paleti. Zafaa kwa kazi nyingi, ila zina muhuri ambao yapasa kila mtu aujue. Tangu mwaka 2002 kuna kanuni ya mataifa ya kutaka mbao hizo zitibiwe kwa moto au kwa dawa ili kuua wadudu kabla ya kuvuka mipaka. Ukiona herufi HT, maana yake zilipashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Hizo hazina ubaya. Ukiona MB, zilifukizwa kwa hewa ya sumu. Hizo usitengenezee kitanda, wala kabati la chakula, wala kitu cha mtoto, wala usizitie jikoni kuwa kuni. Na paleti yoyote iliyomwagikiwa dawa ya shamba au mafuta ya mashine iache, hata kama ni nzuri machoni.

Baada ya ukaguzi, ng'oa misumari yote. Usiivute kwa pupa. Igonge kwanza upande wa ncha mpaka kichwa kichomoze, weka kipande cha ubao chini ya nyundo yako ili usibonyeze mbao, kisha ivute polepole. Pitisha kiganja kwa uangalifu, tena pitisha sumaku, kwa maana msumari mmoja uliobaki ndani huvunja meno ya msumeno na kupasua makali ya randa. Misumari iliyonyooka ihifadhi katika kopo. Kisha zipange mbao kivulini, juu ya vipande vidogo vya miti ili hewa ipite kati yake, uziache majuma mawili au matatu zikauke.

Kwa kijana anayeanza, twapendekeza atengeneze rafu ya misahafu na vitabu. Atahitaji mbao mbili za inchi 1 kwa 8, kila moja urefu wa futi 7, na papi moja nyembamba.

Ubao wa kwanza aukate vipande viwili vya futi 3; hivyo ndivyo vitakavyosimama. Kitabaki kipande cha futi moja. Akipasue kwa urefu apate vijiti sita, kisha avikate viwe vya inchi 7 kila kimoja. Ubao wa pili aukate vipande vitatu vya inchi 27, navyo ndivyo vitakavyolala. Apige vijiti vile kwa ndani ya mbao zinazosimama, vitatu kila upande: cha kwanza inchi 4 kutoka chini, cha pili inchi 19, cha tatu inchi 34. Juu ya vijiti hivyo alaze mbao zake na kuzipigilia. Mwisho, nyuma ya rafu apigilie ile papi kwa mshazari, kutoka pembe ya juu ya upande mmoja hadi pembe ya chini ya upande wa pili. Asiidharau papi hiyo. Bila yake rafu itayumba kama mlevi. Nayo ikiwapo, itasimama imara.

Mninga mkavu ni mgumu, kwa hiyo atoboe kwanza kwa kekee au drili, tundu lililo dogo kuliko msumari, la sivyo ubao utapasuka. Kisha apige msasa kwa kufuata uzi wa mti, si kwa kuukata. Apake vanishi mara mbili, akiacha ya kwanza ikauke. Miguu ya rafu isiguse udongo. Iwekwe juu ya vipande vya tofali au mawe bapa. Wako wapakao sehemu za chini mafuta ya maganda ya korosho, nayo huwafukuza mchwa kweli. Lakini mafuta hayo huunguza ngozi vibaya, basi asiyaguse kwa mkono mtupu, wala asiyapake mahali watoto wanaposhika.

Misahafu iwekwe juu kabisa, vitabu vingine kati, na chini daftari za watoto. Viatu vitafutiwe mahali pengine.

Kazi hii si ya wavulana peke yao. Binti aliyejua kupima na kukata atatengeneza nyumba yake mwenyewe bila kungoja fundi. Wala mzazi asione kuwa kumfundisha mwanawe randa ni kumshushia cheo. Mtume wetu (s.a.w.) ametufahamisha ya kwamba Nabii Zakaria alikuwa seremala. Nabii wa Mwenyezi Mungu alikula kwa jasho la msumeno wake. Nani basi wa kuidharau kazi hiyo?

Sasa twarudi kwenye mlango wetu, maana tuliahidi. Uliporudishwa, kamati iliupa fundi mmoja mzee auangalie. Kwa kuwa tulikwisha kuupunguza chini, haukuweza tena kuwa mlango wa msikiti. Gharama ya upungufu huo tuliilipa sisi, kama ilivyotupasa. Fundi akaupasua na kuutengeneza rafu ya misahafu, kwa namna ile ile tuliyoieleza hapo juu, na msaidizi wake alikuwa ni kijana yule aliyetuuliza swali. Zile papi na kenchi zilizokwisha kuoza ziliuzwa kuwa kuni, na fedha yake ikaongezwa katika ununuzi wa mikeka.

Rafu ile imo msikitini hata leo, upande wa kulia wa kibla. Ukiangalia vizuri utaona ubavuni mwake matundu manne yaliyozibwa kwa vumbi la mbao na gundi, mahali tulipotia bawaba zetu. Kila Ijumaa tukiinua mkono kutwaa msahafu twayaona matundu yale. Na ghala letu la korosho lina mlango wa paini tulioununua dukani kwa fedha yetu. Umekwisha kupinda kidogo, lakini twalala usingizi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie mikono yenye kazi na mali yenye usafi.